Avokado za Gunia la Mahindi

Kiminini,
18 Januari 2005

Kaka yangu mpendwa Mukhisa,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Kabiru. Mtoto ananyonya vizuri na amenenepa. Natumaini huko Bungoma mko salama na tumbo lako limetulia. Mimi mwili ni mzima, lakini moyo bado unanidunda, ndiyo maana mwandiko umepinda hivi.

Barua yako niliipata. Umesema Jumamosi unakuja na wazee kunirudisha nyumbani, kwa kuwa mama mkwe wangu, Wamboi, anamlisha mama yetu sumu. Nakuelewa. Tangu mama atoke Naitiri kuja kumbeba mjukuu, kila akila avokado za hapa tumbo linamsokota, anaharisha mpaka anatembea akishika ukuta. Akila ugali, hakuna neno. Na avokado ni Wamboi humchumia kwa mkono wake, tena anamchagulia kubwa kubwa. Kisha mama akakutumia mfuko, na wewe ukalala chini. Nani asingeshuku?

Jana mama alichoka. Alisimama uani akamwambia Wamboi, majirani wakisikia, ati ana roho mbaya, ati tangu mwanzo hakutaka mwanawe aoe Mbukusu kama mimi. Kaka, niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka uso. Wamboi aliingia chumba cha mama, akatoa avokado iliyoiva kwenye kikapu cha mama, akaimenya kwa meno vile mama humenya, akaila yote huku akimtazama. Akachukua ya pili. Kabla jua halijatua alikuwa anatapika, jasho linamtiririka. Kabiru alitafuta gari tukamkimbiza hospitali Kitale. Mama ndiye aliyemshika kichwa njia nzima.

Daktari aliuliza matunda hayo yaliwekwa wapi. Wamboi, kwa shida, akasema yeye huyachuma mabichi akampa mgeni, hajui yanaivia wapi. Sote tukamgeukia mama. Mama akasema polepole ati huyafukia ndani ya gunia la mahindi kule stoo, kama tunavyofanya Naitiri, yaive upesi na watoto wasiyaone.

Kabiru alishika kichwa. Yale mahindi yametiwa dawa ya wadudu, kaka, hata hatujaanza kuyala! Mama aliona ule unga akadhani ni majivu, kwa sababu sisi kwetu mahindi tunayahifadhi kwa majivu. Alikuwa anapangusa avokado kwa leso, kisha anamenya kwa meno. Hata zile zilizokulaza wewe zilitoka gunia hilo hilo, mama alizificha humo akisema ni za Mukhisa.

Mpaka sasa siamini. Nimekaa hapa nashika kalamu na kuiweka chini tena.

Wamboi anaendelea vizuri. Mama amekataa kuondoka hospitali, yuko kando ya kitanda anamnywesha uji kwa kijiko. Wamboi alipoamka leo, kitu cha kwanza aliniuliza kama wewe umepona. Nilishindwa kumwambia unakuja na wazee kwa sababu yake.

Kwa hivyo Jumamosi njoo, ila wazee waache, umjibu mwenyewe. Avokado zilizobaki zifukie shimoni, watoto wasiziguse. Nisalimie wa nyumbani wote, na Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi dada yako,
Pauline Nasike