Bubu wa Mama Sabina

Mirongo, Mwanza
Jumatano asubuhi

Kwako Dada Felicitas,

Shikamoo dada. Shikamoo ya pili nakuongezea uiweke akiba, maana ukifika chini ya barua hii huenda usitake kuniitikia hata moja. Mimi ni mzima, nakula vizuri, shingo imejaa kama ya diwani. Kikohozi cha Mama kimepungua? Na goti la Baba je, bado analikanda kwa maji ya chumvi huku akiwafundisha katekisimu watoto wa komunio ya kwanza? Mwambie mdogo wetu Kokuberwa zile picha anazotuma akiwa amevaa viatu vyangu nimeziona, na viatu navitaka.

Najua unajiuliza kwa nini karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, na mimi nikikatizwa huwa nadanganya. Mwandiko usiucheke. Wewe ni mwalimu, mimi ni yule aliyeacha shule njiani, kidato cha pili, lakini barua nzima nimeandika mwenyewe bila kuomba msaada wa mtu.

Kwanza kazi, maana Kamachumu yetu nzima inatakiwa ijue kaka yenu ni nani hapa mjini. Bosi wangu Mama Sabina, yule wa samaki, mwaka jana aliuza Hiace yake iliyokuwa inakunywa dizeli kama ng'ombe aliyetoka machungani, akanunua kigari cha umeme, kipya, cheupe, mlango wa ubavuni wa kusukuma. Asubuhi tunakunja viti, tunapakia sato kwenye maboksi ya barafu pale mwaloni Kirumba mitumbwi inaposhushia samaki, tunagawa hotelini mpaka Buswelu. Mchana tunaosha kwa sabuni na limao, tunakunjua viti, tunabeba watu: kwaya, sendoff, walimu wa semina. Hakina gia, hakina moshi, hakina mlio. Bibi mmoja siku ya kwanza aligoma kupanda, akauliza gari lisilonguruma linasukumwa na nini. Nikamwambia linasukumwa na maombi. Akapanda, akafanya ishara ya msalaba kila kona. Watu wakalibatiza jina la Bubu, na mimi wakaniita Dereva wa Bubu. Nikipita barabarani vijana wa bodaboda wanageuza shingo, nami nawapungia kwa vidole viwili tu, sitaki wanizoee.

Utingo wangu, kama unavyojua, alikuwa Shigela wako. Mimi ndiye niliyewakutanisha ulipokuja kung'oa jino, shavu limevimba upande mmoja, na bado Msukuma wa watu akapenda. Mimi pia ndiye niliyemwambia Baba kwenye simu kwamba huyu kijana hanywi, havuti, anaimba besi kanisani, na kwamba mkwe kutoka Magu hatakula ndizi zetu zote. Baba akakubali kupokea barua ya uchumba kwa sababu ya mdomo wangu. Hilo likumbuke.

Sasa sikiliza jambo lililoninyima raha. Kuna msichana wa Pasiansi anaitwa Rebeka, anasuka nywele, Mama asijue. Nikishamaliza kushusha mzigo Buswelu nilikuwa nampitia, namzungusha kando ya ziwa, naye anakaa kiti cha mbele kama mke wa mkuu wa wilaya, Shigela nyuma na maboksi matupu. Siku moja jioni Mama Sabina akaniuliza, huku anachambua dagaa wala haniangalii, Pasiansi tumepata mteja gani. Nikasema ilikuwa foleni. Akaniuliza foleni gani ya dakika arobaini na saba. Dada, arobaini na saba! Hata mimi mwenyewe sikuwa nimezihesabu.

Wiki iliyofuata, hivyo hivyo. Nikienda Capri Point kupiga picha na gari, anajua. Nikilala kidogo chini ya kivuli Nyakato, anajua na kivuli chenyewe kiko upande gani wa barabara. Nikajiuliza, ndani ya gari tuko wangapi? Wawili. Mimi sijisemi. Basi amebaki nani?

Nikaanza kumwangalia Shigela kwa jicho la pembeni. Kila tukisimama anatoa simu, anageukia dirishani, anaandika, anatabasamu peke yake. Nikisogea anaifunika kifuani. Nikamuuliza anamwandikia nani, akanijibu kwamba mengine hayamfai shemeji kuyasoma. Nikacheka kwa meno, moyoni nikasema umenaswa. Nikamtegea: nikamnong'oneza kwamba kesho nitapotelea Igoma, halafu sikwenda. Mama Sabina hakuuliza chochote kuhusu Igoma. Mtu mwenye akili zake angesema basi siye huyu. Mimi nikasema ngosha huyu wa Kisukuma ni hatari, mtego ameunusa.

Kutoka hapo kila alichofanya nilikiona kibaya. Akinyamaza, anatunga. Akiongea, ananichimba. Akininunulia maji, ananilainisha. Mama Sabina akawa anamsifia kwamba anaangalia vizuri maboksi, nami nikaona kabisa usukani unahama, kesho Shigela ndiye dereva na mimi nabeba barafu.

Halafu ikaja ile Jumanne unayoijua. Jioni ya kuamkia siku hiyo ilikuwa kazi ya Shigela kuchomeka Bubu kwenye umeme pale ghalani, kama kila siku. Asubuhi nikawasha, asilimia kumi na moja. Nikasema labda tutafika. Tukafia kwenye mpando wa Buswelu na sato wa hoteli mbili, jua linawaka, barafu inageuka maji, maji yanachuruzika mpaka mtaroni, paka wanatupokea kwa furaha. Hoteli moja ikaacha kununua kwetu mpaka leo. Mama Sabina akauliza. Waya ulikuwa umechomekwa vizuri kwenye gari, lakini swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa. Shigela akaapa aliiwasha. Mimi nikasema, kwa upole kabisa, kwamba sikutaka kusema, lakini jana jioni shemeji yangu alinuka gongo.

Akafukuzwa palepale. Mama yetu aliponipigia kuuliza kulikoni, nikamrudia hadithi ileile, simu ikachukuliwa na Baba. Yanayofuata unayajua kuliko mimi. Baba yetu, ambaye lubisi, pombe yetu ya ndizi, haijawahi kumpita mlangoni, akasema mkwe mlevi hamtaki, na mjomba wake Shigela, Mzee Machibya, akarudishiwa barua ya uchumba ikiwa haijafunguliwa, pamoja na kitambaa ilichofungiwa. Kokuberwa ameniambia siku hizi ukirudi shuleni unaingia chumbani moja kwa moja.

Sasa tuendelee, nisije nikatafuta pa kuchepukia.

Wiki tatu baada ya Shigela kuondoka, nikampitia Rebeka. Jioni Mama Sabina akaniuliza Pasiansi kuna nini. Dada, ndani ya gari tulikuwa mimi na Rebeka tu! Nikamshuku Rebeka. Nikamshuku mlinzi wa ghala, Yeremia. Nikamshuku yule bibi wa ishara ya msalaba, maana anakaa njia ileile. Rebeka nilimhoji mpaka akaniambia nimtafute msusi mwingine wa kumzungusha. Yeremia nilimnyima salamu siku nne, hajajua kosa lake mpaka leo.

Jibu lilikuja Ijumaa iliyopita. Fundi wa kampuni iliyouza gari alitaka kumbukumbu za kuchaji, aone kama betri ina tatizo tangu siku ile ya Buswelu. Zimo kwenye simu ya Mama Sabina, kwa Kiingereza, naye kasahau miwani dukani. Akanipa simu nimsomee, yeye aandike kwa herufi kubwa kubwa. Nikafungua. Kitu cha kwanza ni ramani ya Mwanza, na juu yake mstari mwekundu: Mirongo, Kirumba, Buswelu, halafu mstari unapinda mwenyewe kwenda Pasiansi, na pembeni dakika zimeandikwa. Nikamuuliza hii ni nini. Akanijibu kama mtu anayeeleza kijiko, kwamba ndani ya gari mna laini ya simu na kila linapokwenda linamtumia taarifa. Alidhani najua. Alidhani ndiyo maana nadanganya vibaya hivyo.

Nikashuka chini kwenye mistari ya kuchaji, nikamsomea tarehe moja moja, naye anaandika. Nikafika Jumatatu ile, usiku wa kuamkia Buswelu. Imeandikwa: kuchaji kumeanza saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja jioni. Kumekatika saa kumi na mbili na dakika hamsini.

Mstari huo niliuruka, dada. Nikasoma wa chini yake kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa sababu dakika thelathini na moja Shigela aliwasha swichi, nilimwona, akachukua kitabu chake cha nyimbo akaenda mazoezi ya kwaya. Na dakika hamsini niliizima mimi. Ufunguo wa geti nilikuwa nao mimi, Yeremia alikuwa hajaingia zamu, ghalani hakukuwa na mtu mwingine. Waya niliuacha palepale ili uonekane umechomekwa. Nilitaka alaumiwe kidogo tu, ashushwe bei kidogo machoni pa Mama Sabina. Gongo sikuwa nimeipanga, ilinitoka mdomoni nilipoona anaanza kumwamini. Shigela hajawahi kunuka kitu chochote isipokuwa samaki.

Na zile meseji alizokuwa anazificha kifuani, wewe ndiye unayejua alikuwa anamwandikia nani.

Jumapili nilimkuta mwaloni anabeba magunia ya dagaa kichwani. Nilitaka kujificha nyuma ya Bubu, akaniona. Akatua gunia, akanisalimia shemeji, vilevile kama zamani, akauliza kama Felicitas anakula. Nikasema anakula. Nikaingia kwenye gari nikakaa bila kuwasha, samaki wa hoteli wakanisubiri.

Jana nikamsomea Mama Sabina ule mstari. Hakunitukana. Aliniomba nimrudie zile saa, akaziandika mwenyewe, halafu akasema funguo niweke mezani. Nimeziweka. Ndiyo maana nakuandikia asubuhi ya kazi. Amesema Shigela atarudishwa na ataombwa radhi mbele ya wote waliomsikia akifukuzwa. Nikamwomba anipe mpaka Jumamosi, kwa kuwa wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Jumamosi ikipita bila Baba kujua, atampigia mwenyewe. Mimi mkate wangu sijui utatoka wapi, na usinionee huruma, sijakuandikia kwa ajili hiyo.

Kwa Baba nitakuja mwenyewe Ijumaa. Nitapiga magoti sebuleni, na kama atataka nirudie maneno yangu mbele ya Mzee Machibya, nitayarudia. Mlevi aliyemkataa hayupo. Mwongo aliyemwamini ndiye mtoto wake.

Aliyekukabidhi bahasha hii, dada, unamwona. Jana jioni nilimwambia Shigela kwamba Felicitas ameomba aje yeye mwenyewe, na jibu utampa mkononi. Uongo huo ni wa mwisho, nao nimeutunga kwa makusudi mazima, unisaidie uwe kweli. Tiketi ya meli aliikata saa ileile, hakuuliza swali la pili. Ameazima shati. Nilipomwambia kuna bahasha ya kukuletea aliniuliza kama ina habari njema, nikashindwa kumtazama, nikasema ni mambo ya ukoo wetu. Akasema basi yeye hayamhusu, akanionyesha mfuko wa ndani atakaoiweka, wenye kifungo.

Yanamhusu. Mkaribishe ndani, Baba akinuna mwache anune. Mpe kiti, mpe maji ya kunywa, kisha umsomee yote toka juu, usiruke mstari.

Msalimie Mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Baba mwambie goti asilikande sana mpaka Ijumaa, atalihitaji kwa kunifukuza. Wote hapo nyumbani nawaombea afya, na wewe nakuombea zaidi.

Ni mimi mdogo wako mkorofi,

Osward Mutayoba