Salamu ya Dokta Abner

Kamina, kisha kazi

Mudogo wangu Ève,

Jambo kwenu bote kule Kabondo-Dianda. Huku tuko wazima. Mama alipata samaki yenye ulituma, anaisifu kwa majirani. Mvua inaharibisha barabara, basi usingoje uchungu ya kuzaa. Kuja mbele.

Kwa vile mutoto analala vibaya ndani ya tumbo yako, Dokta Abner njo atakupasua. Anajua kazi. Lakini sikia: miye infirmière, muuguzi wa bamama benye kuzaa, balinipa kazi ya kukumbusha bote kunawa mikono. Yeye ananawa pa mulango, kweli. Halafu anasalimia kila mama na mukono, kitanda kwa kitanda, na mukono ule ule anafungua kidonda. Bamama banamupenda sababu ya salamu ile. Sasa bawili benye alipasua beko na homa, na kidonda ya mumoja inanuka.

Leo alininyooshea mukono. Nikaficha yangu ku mugongo. «Dokta, ndoo ya maji iko pale.»

Bamama bote ku vitanda bakageuka kututazama.

«Gisèle, unakataa salamu yangu mbele ya bantu?»

Nikabakisha mikono ku mugongo. Akaniacha, akanyooshea Mama Kapinga, mwenye alizaa jana. Mama Kapinga akaingiza mikono chini ya kikwembe, kitenge yenye alijifunga. Wa pembeni yake vilevile. Dokta akabakia na mukono hewani. Kisha akaenda kunawa.

Kesho mukubwa wa lopitali ananiita. Usimuambie Mama.

Kuja tu. Ukinikosa pa kazi, usiulize niko wapi. Ficha mikono chini ya kikwembe mupaka Dokta anawe.

Yaya, dada yako mukubwa,
Gisèle