Chumba cha Sala cha Bweni la Kitisuru

Maalim Badi, nimetoka sasa hivi kwenye hafla ya bweni letu la zamani la chuo, kule Kitisuru. Naandika kwa haraka, niwie radhi kwa makosa ya kuandika.

Wazee tulitakiwa tusimulie historia ya jengo. Akasimama Tobias, niliyekaa naye chumba kimoja tangu 1968.

Unakumbuka kile chumba cha chini tulichosalia, kikafungwa 1971 kwa madai kwamba tunafanya siasa humo? Amesema ni yeye aliyepeleka maneno hayo kwa msimamizi. "Tulikuwa tunataka mahali ya kuweka meza ya ping-pong, jameni." Ukumbi mzima ukacheka.

Meza ya ping-pong, Maalim.

Na huyu huyu Tobias ndiye aliyeniapia kwamba mchongezi alikuwa Mungai, karani wa bweni. Nikamwamini. Nikamnyima Mungai salamu miaka thelathini, tukipishana River Road nageuza uso, hadi akazikwa nami sikwenda.

Nilimfuata Tobias nje, nikamuuliza, "Na Mungai je?" Akanishika bega. "Mzee Haidari, hiyo ni mambo ya kitambo. Na si mlipata msikiti huko town?"

Meza ya ping-pong.

Tobias namwachia Mola. Ila haki ya Mungai ipo shingoni mwangu, naye hayupo wa kunisamehe. Mjane wake, Wangui, angali Dagoretti. Kesho baada ya adhuhuri twende pamoja, tafadhali. Peke yangu sitaweza kubisha mlango ule.