Baba na Watu wa Linux

Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. U hali gani huko kambini? Kifua kimepoa, au bado unakohoa vumbi la mgodi? Na kile kitambaa cha pua nilichokushonea unakivaa, au umeshamgawia mtu kama kawaida yako? Nakujua wewe. Mimi sijambo, ila miguu inavimba kwa kusimama kutwa nikipiga pasi mashuka ya hoteli. Shemeji yako naye mzima. Mabomba ya watu hayaachi kupasuka, kwa hiyo kazi anayo.

Ningekupigia simu, lakini ile simu ya kambini kwenu mtu anasikia neno moja, matatu yanamezwa na upepo, na haya ninayotaka kukwambia hayafai kusikika nusu nusu. Nimempa barua dereva wa lori la vyakula. Tafuta pa kukaa ndipo usome.

Baba yu hai. Naanza na hilo ili moyo wako utulie.

Sasa nikulaumu kidogo, maana nisipokulaumu nitaumwa. Baba alipotolewa koromeo ulikuja na ile laptopu yako kuukuu yenye Linux, huo mfumo wenu wa kompyuta wa bure, ukamwekea programu ya kusoma kwa sauti. Yeye anaandika, mashine inasema. Tulikupigia makofi. Mwalimu wa udereva aliyemaliza ujana wake akiwapigia wanafunzi kelele za breki, breki, amepata tena kitu cha kumsemea, hata kama kina sauti ya mtu mwenye mafua aliyeingia ndani ya pipa. Halafu wewe huyoo, ukaondoka. Ukatuachia Linux yako kama mtu anayemwachia jirani mnyama asimwambie anakula nini.

Mwezi uliopita mashine iliomba isasishwe. Wewe ndiye uliyemwambia Baba asikatae sasisho hata siku moja, naye akakutii. Ilipowaka tena ilikuwa bubu. Maandishi yapo, sauti hakuna. Shemeji yako aliigonga gonga mgongoni kama bomba lililoziba, nikamwambia aache kabla hajatuharibia na hicho kilichobaki.

Basi Baba akarudi kwenye kile kibao cheupe cha kuandikia na kufuta. Akiandika maji, analetewa maji. Akiandika dirisha, linafunguliwa. Lakini akiandika jambo ambalo Mama halitaki, Mama anapitisha kiganja, anamwambia atapona, na kibao kinakuwa cheupe tena. Alikuwa anaandika, anafutiwa, anaandika. Mimi nilikuwepo. Niliona na nikanyamaza, kwa sababu nami sikulitaka.

Jambo lenyewe unalijua. Ni ule upasuaji wa pili. Wewe ndiye uliyehangaika mpaka akapatiwa kitanda kwa yule daktari mkubwa wa koo, na Mungu akulipe. Lakini hukuwepo daktari alipotueleza. Safari hii wanakata na ulimi. Atalishwa kwa mpira mpaka mwisho, na ugonjwa unaweza kurudi vilevile. Daktari alisema huenda ikamwongezea muda, huenda isimwongezee. Mama alishika ile huenda ya kwanza akaikumbatia.

Niliomba ruhusa kazini nikakaa nyumbani na Baba tushughulikie sauti. Chini ya mfuniko wa laptopu ulibandika karatasi yenye anwani ya kundi la mtandaoni la watu wa Linux wanaosaidiana, ukaandika tuulize hapo ikikwama. Nikaingia. Nikabisha hodi kama mtu aliyelelewa. Nikawaamkia, nikawatakia mchana mwema, nikaomba radhi kwa usumbufu, nikauliza kama naweza kuuliza swali. Nikasubiri. Kumbe ndiyo kosa lenyewe. Mmoja akanijibu kwamba hapa hatuombi kuuliza, tunauliza tu. Nilikasirika, Kitinda, karibu nifunge. Hata salamu hawaitikii.

Nikauliza. Wakaniambia niiandikie mashine amri fulani, kisha niwaletee yote yaliyotokea kwenye skrini. Mimi nikayanakili yote, ukurasa baada ya ukurasa, nikayamwaga mle. Pale pale nikatupwa nje kama mlevi. Kumbe kuna mlinzi wao ambaye si mtu, ni programu, akiona mtu anamwaga maneno mengi anamtoa. Baba alicheka mpaka machozi. Unajua anavyocheka siku hizi, mabega yanaruka na hakuna kitu kinachotoka. Akanivuta mkono, akanisogeza pembeni, akachukua kibodi mwenyewe.

Tangu siku hiyo kundi likawa lake. Alijiita Breki. Nikirudi kazini namkuta kajiinamia, miwani puani, anaandika. Mwenye kumsaidia zaidi alikuwa mtu anayejiita Nyundo, sijui ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee. Anampa amri, Baba anaijaribu, anarudisha jibu, anapewa nyingine. Fikiria, Baba yetu anaelekezwa na anafuata. Na alikuwa na furaha, sikufichi. Mle ndani kila mtu anaandika tu. Hakuna anayejua nani hana koo. Alibishana nao, aliwatania, kuna mmoja alimpa somo zima la kurudi nyuma na gari lenye tela. Humu ndani amekuwa mgonjwa, mle alikuwa mtu.

Ijumaa moja nilitoka kazini mapema. Nikamtilia maji ya uvuguvugu kwenye kikombe, nikampelekea. Hakuifunika skrini. Nikasoma nikiwa nimesimama nyuma yake.

Spika ndogo ya laptopu ilikuwa imeanza kukoroma kidogo, lakini Baba hakuridhika. Alitaka sauti kubwa, ijaze sebule. Nyundo alikuwa amemjaribishia hili na lile, mwishowe akachoka. Akamwandikia: "Mzee Breki, tuweke amri pembeni. Tuambie unataka kufanya nini hasa, labda kuna njia nyepesi." Nasikia ndiyo desturi yao. Mtu akizunguka sana wanamuuliza hivyo.

Na Baba alikuwa amejibu: "Nataka kuwaambia wanangu na mama yao kwamba sirudi hospitali kupasuliwa. Nikiandika wananifutia. Nataka wasikie wote kwa pamoja."

Chini yake mmoja aliandika pole, Mzee. Mwingine pole. Halafu Nyundo akaandika: "Sawa. Tuendelee. Jaribu hii," na amri ikafuata.

Kitinda, nilikiweka kikombe mezani maji yakamwagika. Nikainama juu ya bega la Baba, nikaivuta kibodi, nikawaandikia kwamba mimi ni binti yake, kwamba baba yangu ni mgonjwa na hajui anachosema, na kwamba naomba mtu yeyote asimsaidie tena. Baba hakunizuia. Alikuwa ananitazama tu.

Nyundo akaniuliza: "Dada, mashine ni ya nani?"

Baadaye nimeelewa kwamba ni kanuni yao, hawagusi mashine ya mtu ila kwa idhini ya mwenyewe, na pengine amewahi kuwauliza hivyo watu wengi tu, wezi na wajukuu watundu. Lakini siku ile sentensi hiyo niliisikia kama kofi. Nikaandika kwamba ni ya Baba. Akajibu kwamba basi wao wanamsikiliza Baba, na kwamba anasikitika sana. Nikamrudishia Baba kibodi. Nikaenda kulia bafuni, bomba likiwa wazi.

Ugonjwa wa mashine ukapatikana jioni ile ile. Sasisho lilikuwa limeipeleka sauti kwenye tundu la kuchomekea televisheni, ambako sisi hatujachomeka kitu. Wakati wote mashine ilikuwa inasema, ila inasemea pasipo na spika. Ile iliyokuwa ikikoroma ilikuwa masazo ya sauti tu. Nyundo akamwonyesha namna ya kuirudisha, shemeji yako akachomeka zile spika mbili za redio ya zamani, na nyumba nzima ikajaa mtu mwenye mafua.

Jumapili iliyofuata Baba alitukusanya. Walikuwepo Mama, Shangazi, shemeji yako na mimi. Alikuwa ameshaandika tangu asubuhi. Akabonyeza.

Ilisema kwamba anatushukuru. Ilisema kwamba upasuaji wa kwanza aliukubali kwa ajili yetu, na wa pili anaukataa kwa ajili yake. Kwamba maji anayoweza kuyameza mwenyewe ni mengi kwake kuliko miezi ya kulishwa kwa mpira. Neno hospitali ililitamka vibaya, ikaweka mkazo pasipotakiwa, na hakuna aliyecheka. Mama aliinuka akaenda moja kwa moja ukutani, akang'oa waya wa umeme. Mashine haikunyamaza, ina chaji ya ndani. Ikaendelea kusema, na Mama amesimama na waya mkononi. Sijawahi kumwona vile. Ilisema jina lake, lile ambalo Baba humwita wakiwa wawili tu, ikamwomba amsamehe. Ndipo akakaa chini, pale pale sakafuni.

Juzi tulikwenda kwa daktari, Baba akamsomea mwenyewe kwa mashine. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akamshika mkono, akasema kitanda atapewa mwingine na yeye atamsaidia kwa maumivu. Nilimuuliza nje ya mlango ni muda gani. Aliniambia mvua zijazo tusimhesabie.

Najua utakasirika. Utasema tumemwacha afe, na ulihangaika bure. Kasirika, ndugu yangu, nami nilikasirika kabla yako. Usiku silali. Kuna saa natamani nimchukue kwa nguvu nimpeleke nikamlaze pale nikafunge mlango. Halafu naona anavyoshika kikombe kwa mikono miwili, anavuta funda moja, anafumba macho, analimeza pole pole. Nani atamnyang'anya hilo? Mimi siwezi.

Mama ndiye aliyeniketisha niandike barua hii. Aliniambia nikwambie umbane Baba, umtishie, umwambie hutarudi nyumbani mpaka akubali kisu, maana wewe ndiye anayekusikia. Nilimwitikia ndiyo Mama. Yupo chumba cha pili sasa hivi anadhani ndicho ninachoandika. Nyundo na wenzake anawaita wachawi wangu, na anasema kama si wao mumewe angekuwa ameshalazwa. Usinichongee kwake. Naye anaumia, tena kuliko sisi sote, ila maumivu yake yanatokea kwa hasira.

Shangazi anakusalimu sana. Siku hizi anahamia hapa kila jioni, anamkata Baba kucha, anamnyoa ndevu, wanagombana kwa macho. Shemeji yako anasema usiwe na wasiwasi na mlango wa kuingilia, ameurekebisha, kiti cha magurudumu cha Baba kinapita. Jirani yetu wa duka la rangi naye anakuulizia.

Ongea na msimamizi wako leo, si kesho, akupe ruhusa uje. Mwambie ukweli wote, asiponielewa mimi kwenye barua atakuelewa wewe usoni. Vidole vya Baba vimeanza kufa ganzi. Sentensi aliyokuwa akiiandika nikiwa nachana nywele, sasa nasuka na kumaliza bado anatafuta herufi. Kwenye kundi bado anaingia, lakini anasoma tu, anawaachia wenyewe waseme.

Nilimuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Alikaa na kibodi tangu nilipoanza kufua mpaka nilipoanika. Hakubonyeza isomwe kwa sauti, aliniita nije nione, na nimekunakilia kama ilivyo: "Mwanangu, njoo tubishane nikiwa bado naandika. Hawa wa huku wanalia tu."

Mungu akuongoze njiani, akufikishe salama na kwa wakati.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,

Dada yako.