Vitambaa Vinavyopotea Kibandani Kwangu

Jumanne, jioni. Malaba.

Mawingu yalijikusanya tangu saa nane yakatutisha, halafu yakahamia Uganda na mvua yao. Huku tumebaki na vumbi la malori na joto la mabati. Nina hasira, na safari hii sijui pa kuipeleka.

Nianze kwa kukiri. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua kilo ya sukari naipima tena nyumbani. Nimeshona sare za shule hapa mpakani miaka ishirini, na walioniibia wote walikuwa watu wa kucheka vizuri.

Kwa hiyo Sifa alipoletwa, nilimshuku tangu siku ya kwanza.

Ni msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kongo, aliyekulia kambi ya wakimbizi. Kanisa lilimtafutia chumba, mzee mwenye duka karibu na msikiti akatoa godoro, na sisi mafundi wa soko tukasema tutampa meza. Lakini meza kwetu haitolewi hivi hivi. Mgeni anakaa miezi mitatu kando ya fundi mmoja, kisha fundi huyo anasimama mkutanoni kumsemea. Mwenyekiti wetu, Mama Amoit, huuliza swali moja tu: "Ukimwachia chako, utakikuta?" Ukisita, meza inaenda kwa mwingine.

Mkutano ni kesho asubuhi, na wa kusimama ni mimi. Sifa akikosa meza hana kazi nyingine hapa, na chumba cha kanisa ni chake mpaka mwisho wa mwezi tu.

Kwa kazi sina neno. Mshono wake umenyooka kuliko wangu, na hilo nalo lilinitia shaka kidogo. Shida ilikuwa vipande. Nikikata sare, mabaki nayaweka kwenye kiroba chini ya mashine, maana huwa nayatumia kwa mifuko ya kaptula. Wiki ya tatu nikaona yanapungua. Nikaanza kuhesabu. Kila wiki vipande vinne au vitano vya bluu havipo. Na kila Jumanne saa tisa Sifa ananiomba ruhusa: "Mama, niko naenda kidogo, nitarudia." Kisha anaelekea kwenye foleni ya malori.

Msichana, malori, siku ile ile kila wiki. Nilifikiri ana mwanamume. Nilifikiri anavusha kitu. Nilifikiri mengine ambayo hata hapa siyaandiki.

Juu ya hayo, simu yangu ilianza kunisumbua. Namba za Uganda, namba za Kongo, watu nisiowajua. "Allo? Ni kwa fundi?" Nakata. Hapa mpakani nani hajapigiwa na matapeli? Wiki mbili zilizopita mwanamume mmoja alipiga mara tatu asubuhi moja. Mara ya tatu akasema, "Mama, usikate, niko naomba..." Nikakata. Nikaifungia namba ile isinipigie tena, nikaendelea na kola niliyokuwa naishona. Nilijiona mjanja.

Leo nilimfuata.

Nilimwacha atangulie, nikajifunika leso kichwani, nikapita nyuma ya foleni nikiruka madimbwi ya dizeli. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, nimejibanza nyuma ya tairi. Sifa alikuwa amesimama chini ya mlango wa lori lenye namba za Kongo, anampa dereva kitambaa. Cha bluu. Changu.

Nikajitokeza. "Sifa! Ni nini unauza hapo?"

Aliruka. Dereva ndiye aliyejibu, huku anacheka. "Mama, pole pole. Huyu dada hauzi kitu. Ile kitambaa ya mwezi jana nilifunga kwenye nguzo kwetu Bunia, pale stendi. Watu wanasoma."

Nikamnyang'anya kile kitambaa. Kwa uzi mwekundu, kwa mshono ule wake ulionyooka, kilikuwa kimeandikwa: JANVIER, DADA YAKO SIFA YUKO MALABA, KWA MAMA NAFULA FUNDI. Chini yake namba ya simu.

Namba yangu.

Janvier ni kaka yake mkubwa. Walipotezana njiani siku walipokimbia kwao, Sifa akiwa na miaka tisa. Sikulijua hilo kwa sababu sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nahesabu vitambaa.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuona unahesabu, Mama. Niliogopa utakataa. Na miye sina simu, sina mahali. Nikaandika kwako." Akanitazama usoni. "Kuna mutu alishapiga?"

Nikasema hapana.

Neno lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimeshaelewa, nilikuwa nimeshaikumbuka sauti ile, na bado nikasema hapana. Sifa akasema, "Haina mbaya, Mama," akanipangusa weusi wa tairi kwenye leso. Niliona aibu.

Nilipofika nyumbani niliitafuta namba ile. Inaanza na 243, ni ya Kongo. Nimeifungulia, nimepiga mara nne, haipatikani. Kichwa changu bado kinanitetea: labda ni tapeli kweli, labda ni mtu wa vitenge, labda dereva tu. Nikiachwa peke yangu naweza kuushuku hata ukweli, ilimradi usiniume.

Kesho saa tatu Mama Amoit ataniuliza swali lake, nami nitajibu bila kusita kwamba nitakikuta. Kiroba cha mabaki nitampa Sifa kizima, na hao madereva nitawafuata pamoja naye. Lakini kabla ya mkutano nitapitia chumbani kwake, simu mkononi, nimwambie nilichofanya. Kama hatataka tena kukaa kando yangu, sitamlaumu.

Tangu alipokuja najiuliza kama naweza kumwachia kitu changu. Yeye aliniachia kaka yake, na mimi nikamkatia simu.