Kiti cha Dereva

Wanangu,

Chai iko kwenye chupa. Mbwa apewe maji. Nimetoka na lile gari kuukuu la marehemu baba yenu. Leo chama chao cha magari ya zamani kinakwenda kupanda vilima vya matope. Nitarudi jioni.

Wewe mkubwa, jana ulisema liuzwe, linakula nafasi uani bure. Iliniuma. ~~Nikirudi tutaongea.~~ Haliuzwi.

Asubuhi nimeingia, nikafunga mkanda, nikatulia na ramani mapajani kama kila mwaka. Dakika kumi nzima, ndipo nikashtuka: nimekaa upande wangu, namsubiri yeye aje aendeshe.

Basi nimehamia kwenye usukani.

Mto wa kochi msiutafute, ninao mgongoni. Miguu yangu haifiki kwenye klachi, na kiti chake sitaki kukisogeza.

Mama yenu