Karai Lako Liko Makumbusho

Mama yangu mpendwa,

Karai lako limepata makao mapya. Lile jeupe la enameli, lenye ukingo wa buluu, sasa liko ndani ya kioo katika kile chumba cha zamani cha katekista, nyuma ya kanisa. Parokia imekifanya makumbusho. Limewekwa kati ya kengele ya kwanza na vitabu vya ubatizo, limetulia kama mgeni anayengoja chai. Nililitazama mpaka nikasikia harufu ya sabuni ya mche, nikakuona pale bombani mtaani kwetu Jericho, mikono imezama kwenye povu, unaimba zaburi nusu nusu kwa sababu maneno mengine ulikuwa umeyasahau.

Kila Jumamosi ulifua vitambaa vya kufutia kikombe cha Misa, na maji ya kwanza hayakwenda mtaroni. "Huenda kuna tone la Damu ya Kristu," ulisema. "Hayo ni ya udongo." Na udongo wenyewe ulikuwa wapi? Kila mahali saruji, isipokuwa chini ya mpapai. Mimi ndiye niliyeyapeleka, polepole, jua likielea ndani ya karai. Baba alipokula yale mapapai alidai amekomunika mara mbili wiki hiyo, nawe ukamkemea huku unacheka.

Sasa nikwambie nililokuficha. Jumamosi moja wasichana walikuwa wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. "Kuja bana, tumebaki wachache," wakaniita. Nikamwaga maji mtaroni, nikakimbilia mpira. Nilikuwa na miaka tisa. Nimeungama mengi tangu hapo, lakini hilo sikulitaja. Utotoni niliogopa padri angekwambia, na ukubwani nikaona haya.

Jumapili iliyopita waliniomba niwaeleze watoto wa Komunyo ya Kwanza habari za karai. Nikaanza vizuri tu. Kisha nikajikuta nimesema yote, mtaro, mpira na ule woga. Mama Akinyi, yule jirani uliyekuwa ukifua naye, amezeeka sasa na macho yamefifia. Alicheka pale kitini alipokaa.

"Wee, mamako si alikuona! Tulikuwa naye dirishani tunakunja nguo. Nikamwambia, ita huyo mtoto umchape. Akasema, wachana naye. Na Jumamosi iliyofuata, nani alibeba maji?"

Nilibeba mimi, Mama. Uliniwekea karai mikononi kama kawaida, ukaniambia tu nisikimbie.

Wiki nzima natembea na maneno hayo, naenda nayo kazini, narudi nayo nyumbani Donholm jioni. Nimelia, na si kwa huzuni. Miaka yote hii nilidhani mapenzi yako kwangu yalitokana na kutojua.

Uliniona, ukanituma tena.

Asante, Mama. Lala kwa amani.

Ni mimi, kitinda mimba wako